Washajibu? Bado

Muuguzi wa zamu ya usiku hatoki wadini mpaka akabidhi. Jua limeshapanda upande wa Nyali, miguu imemvimba, lakini atazunguka kitanda kwa kitanda na mwenzake wa asubuhi. Huyu alipanda joto saa nane, amepewa dawa, limeshuka. Huyu damu yake imekwenda maabara, majibu hayajarudi. Huyu mamake ameuliza kama atafanyiwa upasuaji leo, daktari amesema atapita saa nne. Swali lisilo na jibu huandikwa kwamba halina jibu, na huandikwa nani atalifuatilia na saa ngapi. Mdogo wangu ameifanya kazi hiyo miaka saba. Nadhani ndiyo sababu kimya cha vyuo kimemuumiza kuliko vile ambavyo kukataliwa kungemuumiza.

Alituma maombi mwezi wa Oktoba mwaka jana. Moja alilipeleka chuo kikuu cha hapa nchini, kusomea shahada ya uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi. La pili alilipeleka chuo cha Marekani, somo lile lile. Vyuo vyenyewe sivitaji, kwa kuwa hili si jambo la vyuo viwili. Alikuwa ameketi kwenye meza ya chakula nyumbani kwetu Tudor, na kompyuta ya kuazima, mwanawe amelala kwenye kochi. Saa saba za usiku akaja kunigongea mlango.

"Dada, nishatuma."

Tukatia chai ya tangawizi, tukanywa, tukacheka kama watu waliokwisha kufika. Sasa ni mwezi wa saba.

Tudor ni mtaa wa watu kuulizana. Ukitoka asubuhi kufuata mahamri, utakutana na jirani aliyesikia kwa mama, na dereva wa tuktuk anayempeleka mdogo wangu kazini magharibi, na bibi wa mbaazi ambaye mjukuu wake alizaliwa mikononi mwa mdogo wangu. Wote wanamtakia heri, na wote wana swali moja: "Washajibu?" Naye alikuwa na jibu moja: "Bado."

Nimelitafakari sana neno hilo mwaka huu. Kwetu, mtu akiulizwa kama ameoa au kama ana mtoto, hasemi la, husema bado. Ni neno la kumstahi mtu na la kuistahi kesho yake, maana mlango haufungwi kwa ulimi. Lakini neno hilo lilitengenezewa mambo ambayo wakati wake anaujua Mungu peke yake, riziki na ndoa na uzao. Barua ya chuo haimo humo. Barua ya chuo inatoka kwenye ofisi yenye saa ukutani na kalenda mezani, na mtu wa ofisi hiyo anajua, au anaweza kujua, kamati itakaa lini. Kumwachia muombaji aseme bado miezi tisa ni kumbebesha Mungu kazi ya karani.

Mtaa huu wenyewe si mgeni wa barua za vyuo. Hapo barabara ya Tom Mboya ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wafadhili wengine. Mwaka 1966 ikageuka taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 ikawa politekniki, na mwaka 2013 ikapata hati ya chuo kikuu kamili. Wazee waliosoma hapo wanasimulia vijana waliokuja kutoka Uganda, Tanganyika na Unguja wakiwa na barua ya kukubaliwa imekunjwa mfukoni. Na si mbali na hapo iko hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado wanaiita Makadara, na pembeni yake chuo cha mafunzo ya utabibu ambako mamia ya wauguzi wa pwani hii wamepatia stashahada. Mdogo wangu ni mmoja wao. Kutoka kitanda alichozaliwa hadi darasa alilosomea uuguzi, ungeweza kwenda kwa miguu.

Lakini ngazi iliyobaki haiko kwa miguu.

Muuguzi wa Kenya wa zamani alikomea pale alipokomea. Aliingia na cheti, akapata uzoefu, akawa msimamizi wa wadi, akastaafu. Mlango wa juu ulifunguka polepole. Mwaka 1968 chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha stashahada ya juu ya uuguzi, na ilibidi kungoja hadi 1992 ndipo shahada ya kwanza ya uuguzi ikaanza hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Aga Khan kikaanzisha Nairobi masomo ya wauguzi walio kazini, wanaosoma siku chache za wiki na kurudi wadini siku zilizobaki. Uzamili ukafuata. Na tusisahau kwamba kabla ya shahada hizo Kenya ilikuwa imeshatoa Eunice Muringo Kiereini, Mwafrika wa kwanza kuongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi, kuanzia 1981 hadi 1985. Mama yetu alikuwa na picha yake ya gazeti, ameikata na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Mdogo wangu alikua akiiona kila anapotafuta nguo.

Kwa hivyo anayetaka uzamili hatafuti cheo cha kujivunia. Wagonjwa mahututi ni elimu yake peke yake. Mashine ya kupumulia, dawa zinazopimwa kwa matone, mtu ambaye hali yake hubadilika kati ya dakika moja na nyingine na hawezi kusema. Muuguzi aliyejifunza hayo kwa kuangalia wenzake hujua mengi, ila hufika mahali akataka kujua kwa nini. Mdogo wangu alifika hapo usiku mmoja, kando ya kitanda cha kijana aliyegongwa na pikipiki. Hakuniambia yote. Aliniambia tu, "Dada, nilifanya kila nilichofundishwa, na nilijua kuna jambo sikufundishwa."

Vyuo vingi hapa nchini hutaka daraja la pili la juu, au la chini pamoja na miaka miwili ya kazi. Vinataka nakala za matokeo zilizofungwa na mhuri wa chuo, na barua za mapendekezo za watu wawili au watatu. Ukiomba nje, mzigo unaongezeka. Taasisi za Marekani zinazokagua vyeti hazipokei karatasi kutoka mkononi mwako. Zinataka zitoke moja kwa moja kwenye chuo ulichosoma na kwenye Baraza la Wauguzi la Kenya. Maana yake ni kwamba kabla hujaanza kungoja jibu la wageni, umeshangoja la wenyeji: karani apate nafasi, mhuri upatikane, bahasha itumwe. Na kuna mtihani wa Kiingereza, ambao wengi huudharau kwa kuwa walisoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Mwishoni mwa 2021, miezi michache baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alisema kwamba kati ya watu 300 waliotakiwa kwenda, waliofaulu mtihani huo walikuwa 10. Mdogo wangu alifaulu mara ya kwanza, na nilimpikia biriani.

Ila matokeo ya mtihani huo, ule wa IELTS, hukubalika kwa miaka miwili tu. Hapo ndipo kimya kinapoanza kuwa na bei. Kila mwezi ofisi isipojibu, muda unakwisha kwenye karatasi iliyolipiwa kwa mshahara wa muuguzi.

Na si karatasi peke yake. Tangu 2013 huduma za afya ziko chini ya kaunti, na muuguzi wa kaunti anayetaka kwenda kusoma lazima aombe likizo ya masomo, ijadiliwe, ipate saini. Huwezi kuiomba bila barua ya kukubaliwa. Ukiipata barua wiki mbili kabla ya chuo kufunguliwa, umeshachelewa. Msimamizi wa wadi alipanga zamu za mwezi ujao, naye mdogo wangu hakujua kama aseme au anyamaze. Akisema na asipochukuliwa, ataonekana mtu ambaye moyo wake umeshaondoka. Akinyamaza na akachukuliwa, atawaacha wenzake na pengo. Mwenye nyumba anataka taarifa ya mapema. Mwanawe ana miaka minne, mwakani aanze shule, je, aanzie Tudor au Nairobi? Mumewe anafanya kazi Kilindini na hawezi kuihamisha bandari. Nyumba nzima imesimama mguu mmoja kama korongo, na ofisi yenye uwezo wa kuishusha haijui hata kwamba nyumba hiyo ipo.

Wakati mbaya kuliko wote ni baada ya alasiri. Ofisi za mashariki ya Marekani zikifunguliwa saa tatu asubuhi, Mombasa ni saa kumi, au saa kumi na moja katika miezi yao ya baridi. Kuanzia hapo mpaka usiku wa manane, simu ikilia mdogo wangu hugeuka. Mara ni ujumbe wa M-Pesa, mara ni kundi la harusi ya binamu. Anafungua barua pepe, anapekua hata zile zilizotupwa kwenye taka, kisha anaingia kwenye tovuti ya chuo, ambapo pameandikwa neno lile lile tangu Desemba: ombi lako linapitiwa. Mama humtazama na kumwambia, "Mwanangu, kula kwanza." Siku za zamu ya usiku huifungia simu kabatini. Anasema wagonjwa wana haki ya kupata macho yake yote mawili.

Nimejaribu kuzielewa ofisi pia, sitaki kuzionea. Mwaka 2021 jumuiya ya vyuo vya uuguzi vya Marekani ilihesabu maombi 91,938 ya watu wenye sifa kamili yaliyokataliwa na programu za shahada ya kwanza na za juu. Wenye sifa! Hawakukataliwa kwa kuwa hawafai. Walikataliwa kwa kuwa walimu hawatoshi, na hospitali za kufanyia mazoezi hazitoshi. Ni jambo ambalo ningependa kila muombaji wa Mombasa alijue kabla hajaanza kujichukia mbele ya kioo. Na lina upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kubwa juu ya uuguzi mwaka 2020, mwaka uliotangazwa kuwa wa muuguzi na mkunga. Dunia ilikuwa na wauguzi milioni 27.9, na ilipungukiwa na milioni 5.9. Wauguzi hawatoshi kwa kuwa nafasi za kusoma hazitoshi. Nafasi hazitoshi kwa kuwa walimu hawatoshi. Na mwalimu wa uuguzi hutoka wapi, kama si kwa hawa wanaoomba uzamili? Yule mwalimu anayetafutwa ameketi Tudor, anapekua simu.

Watu wa hapa wanajua kungoja. Hatuhitaji kufundishwa. Mji wa Kale umejengwa na watu waliongoja: jahazi za Arabuni, Ghuba na Bara Hindi zilikuja na kaskazi katika miezi ya Desemba hadi Machi, na hazikuweza kurudi mpaka kusi ivume. Mfanyabiashara wa bandari ya kale alikaa miezi na mali yake ghalani, naye hakuwa mgonjwa wa roho, kwa sababu alijua upepo utageuka na aliujua mwezi wake. Aliandika hesabu, aliozesha mabinti, alitengeneza tanga. Na ndani ya nyumba zetu kuna kungoja kuzito kuliko huko, eda ya mjane, miezi minne na siku kumi kwa asiye na mimba. Ni majonzi na ni kujitenga na watu. Lakini siku ya kutoka inajulikana tangu wiki ya maziko. Shangazi zangu huihesabu kwa vidole, nguo hushonwa, wageni huarifiwa. Hata huzuni kubwa kiasi hicho imewekewa tarehe.

Ndiyo maana siafiki wanaomwambia mdogo wangu kwamba subira huvuta heri, ingawa najua wanasema kwa mapenzi. Subira anayo. Mtu anayekaa usiku kucha akihesabu pumzi za mtu mwingine hakosi subira. Alichokosa ni mwisho wa hesabu.

Na si kwamba haiwezekani. Kijana wa kidato cha nne anayepangiwa chuo na serikali husikia siku matokeo yanapotangazwa, na nchi nzima husikia naye. Anayeomba ufadhili wa Chevening wa Uingereza hujua tangu mwanzo kwamba maombi hufungwa kabla ya mwaka kwisha, usaili huja mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na majibu hutoka katikati ya mwaka. Wengi hukosa. Lakini hawakosi usingizi kwa miezi tisa, kwa sababu wanajua ni usiku gani wa kukosa usingizi.

Mwezi uliopita nilimshika mkono mdogo wangu, nikamwambia tupige simu chuo cha hapa nchini. Alikuwa anaogopa kwamba atawaudhi. Nafikiri waombaji wengi wana hofu hiyo, wanaona kuuliza ni kukosa adabu, na kwamba mtu atatia alama mbaya kwenye faili. Simu ya kwanza haikupokewa. Ya pili tuliambiwa tupige kesho. Ya tatu alipokea mama mmoja, sauti ya mtu mzima, akauliza nambari ya ombi, akakaa kimya, tukasikia karatasi.

"Mwanangu, jina lako liko kwenye orodha ya watakaojadiliwa. Kamati inakaa Alhamisi ya pili ya mwezi wa nane. Jumatatu inayofuata nipigie, nitakwambia likiwa zuri au likiwa baya. Kabla ya hapo usijisumbue."

Hakumwambia kwamba amekubaliwa. Hakumpa hata dalili. Mdogo wangu aliweka simu chini, akatoka nje, akakaa barazani, akalia kidogo, kisha akalala kutoka magharibi mpaka asubuhi. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Siku iliyofuata alimwambia msimamizi wa wadi kila kitu, wakapanga zamu za Agosti pamoja, na akaenda kuulizia shule mbili za mtoto, moja ya Tudor na moja ya Nairobi, na bei ya tikiti ya Madaraka Express kutoka Miritini. Bibi wa mbaazi alipomuuliza kama wamejibu, kwa mara ya kwanza hakusema bado. Alisema, "Mwezi wa nane, bibi."

Chuo cha ng'ambo hakijasema neno.

Yule mama wa ofisi simjui jina wala sura. Alichofanya hakikukigharimu chuo shilingi, na hakikuwa sehemu ya utaratibu wowote. Kilikuwa wema wake tu. Jambo hili halifai kuachwa kwenye wema wa mtu mmoja anayepokea simu ya tatu. Mnaosimamia udahili wa masomo ya juu, Nairobi, Eldoret, Kilifi, Mombasa na kwingineko, mnampa kila muombaji stakabadhi ya ada yake siku ile ile anayolipa. Juu yake huwa pana jina lake, nambari ya ombi na kiasi cha fedha. Nafasi ya mstari mmoja zaidi ipo. Andikeni hapo tarehe ya jibu, na ikifika tarehe hiyo, jibuni, hata kama jibu ni hapana.